Mita inasema volti 12, kiti hakipulizi: jinsi ya kusaka umeme unaopotea njiani

Peleka gari lenye kiti cha ubaridi kwenye gereji tatu, ueleze kwamba kiti kimeacha kupuliza ila ukipima kwa mita umeme unaonekana upo. Kuna uwezekano mkubwa utatoka na majibu matatu. Wa kwanza: feni imekufa. Wa pili: kontrolo boksi imeungua, agiza nyingine Dar. Wa tatu: achana nacho bosi, si AC inafanya kazi?

Leo tunaongeza jibu la nne, ambalo mara nyingi ndilo la bei rahisi kuliko yote: umeme upo, lakini haufiki. Ni jibu linalotoka kwenye fizikia ya sekondari, ile ya Ohm uliyoikariri kwa ajili ya mtihani. Tofauti yake na majibu mengine inaweza kuwa kati ya kununua kifaa kizima na kusugua boliti moja kwa msasa.

Kiti cha ubaridi kimefikaje Kahama?

Viti vya aina hii si vipya. Saab 9-5 iliyotoka 1997 ilikuwa na viti vyenye feni ndani. Lincoln Navigator ya mwaka 2000 ikaja na viti vinavyopoza na kupasha kwa kutumia vipande vya umeme-joto, tutavieleza hapo chini. Baadaye teknolojia ikaingia kwenye Lexus, Mercedes-Benz, Range Rover na Land Cruiser za matoleo ya juu.

Huku kwetu yanafika kwa njia mbili. Kuna magari yaliyotumika Japani, ambayo tunayapenda kwa sababu usukani uko kulia kama sheria zetu zinavyotaka. Halafu kuna mashangingi ya taasisi, wafanyabiashara na kampuni, ambayo ukanda wa dhahabu hauyakosi: Geita, Kahama, Bulyanhulu, Katoro. Fikiria saa nane mchana mwezi wa kumi, mvua bado, gari limeegeshwa juani na viti ni vya ngozi. Hapo kiti kinachopuliza si anasa ya kujionyesha. Mgongo uliolowa jasho kwa safari ya saa nne unamchosha dereva, na dereva aliyechoka ni hatari kwa wote barabarani.

Kuna jambo linalowachekesha wengi: magari hayohayo yana swichi ya kupasha kiti joto. Japani ina theluji, sisi hatuna. Lakini usiidharau swichi hiyo, kwa sababu waya za kupasha joto hupita kwenye kiti kilekile, na zikiwa na hitilafu zinaweza kuchoma ngozi ya kiti au ya aliyekaa.

Ndani ya kiti kuna nini?

Kuna aina tatu za kazi, na gari lako linaweza kuwa na moja au zote.

Ya kwanza ni feni tupu. Feni ndogo chini ya kiti na nyuma ya mgongo husukuma au kuvuta hewa kupitia matundu ya ngozi. Haitengenezi baridi. Inakausha jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto la mwili.

Ya pili ni waya wa kupasha. Ni ukinzani mtupu kama wa pasi ya umeme, ila mdogo. Kiti kimoja hutumia wati makumi kadhaa tu.

Ya tatu ndiyo yenye sayansi tamu. Mwaka 1834 Mfaransa Jean Peltier aligundua kwamba ukipitisha mkondo kwenye maungio ya metali mbili tofauti, upande mmoja unapoa na mwingine unapata joto. Leo badala ya metali za kawaida hutumika nusu-kipitishi, hasa kiunganiko cha bismuthi na teluri. Kipande bapa kidogo kinawekwa kwenye njia ya hewa ya feni: upande mmoja unapoza hewa inayokuja kwako, upande wa pili unatupa joto nje. Ukigeuza chanya na hasi, pande zinabadilishana kazi. Kwa hiyo fundi akiunga waya za kipande hicho kinyume, ukibonyeza baridi utaletewa joto. Hapo hakuna kilichoungua, ni waya zimebadilishwa tu.

Vyote hivi vinaongozwa na kontrolo boksi ndogo, na boksi hiyo ina masharti. Volti zikishuka chini ya kiwango alichoweka mtengenezaji, au zikipanda kupita kiasi, inakizima kiti ili kujilinda, na mara nyingi inaandika kosa kwenye kumbukumbu. Fundi akichomeka mashine ya kusomea makosa ataona kodi inayoanza na herufi B, maana yake ni mambo ya bodi la gari, na si injini. Hapo ndipo wengi wanapokosea tafsiri. Mashine ikisema "volti ndogo kwenye boksi ya kiti", imetaja aliyelalamika. Haijakwambia volti zimepotelea wapi.

Kwa nini mita inasema 12?

Tuanze na maji. Wakazi wa Shinyanga na Kahama wanatumia maji ya Ziwa Victoria yanayosukumwa kutoka Ihelele. Chukulia bomba la nyumbani kwako limejaa tope karibu lote, limebaki tundu dogo kama la sindano. Funga koki yako, weka kipima msukumo. Kitasoma msukumo kamili! Maji hayatembei, kwa hiyo hata kupitia tundu la sindano msukumo unafika. Sasa fungua koki: yanatoka matone, na kipimo kinaanguka.

Mita ya volti ni kama kile kipima msukumo. Ukinzani wa ndani wa mita nyingi za kidijitali ni kama omu milioni 10, kwa hiyo inavuta mkondo mdogo mno, karibu na sifuri. Ukichomoa soketi ya kiti na kupima pale, umefunga koki. Kila kitu kitaonekana kizuri.

Tuweke namba. Tuseme kwenye kiungio cha waya kuna kutu yenye ukinzani wa omu 0.6. Kiti kikiwaka kinavuta ampia 5. Kwa kanuni ya Ohm:

Volti zinazopotea = mkondo × ukinzani = 5 × 0.6 = volti 3.

Ukipima huku soketi imechomolewa, mkondo unaopita kwenye kutu ni kama sehemu moja ya milioni ya ampia, na volti zinazopotea hazifiki hata milioni moja ya volti. Kutu ipo palepale, ila haionekani. Ndiyo maana fundi anaapa kwamba umeme upo, mwenye gari anaapa kwamba kiti hakifanyi kazi, na wote wawili wanasema kweli.

Na zile volti 3 hazikuyeyuka hewani. Volti 3 kwa ampia 5 ni wati 15 za joto, zote zinatoka kwenye pini moja ndogo ya soketi. Vifaa vya kuyeyushia risasi vya mafundi simu, vile vidogo, hutumia wati 15 hadi 30. Ukikuta soketi chini ya kiti imebadilika rangi kuwa kahawia au plastiki yake imelegea, sasa unajua ni kwa nini.

Kupima huku kazi inaendelea

Kanuni ni moja: pima wakati kiti kinafanya kazi, au kinajaribu kufanya kazi. Mafundi rewaya wenye uzoefu wanaijua. Mita yenyewe si lazima iwe ya bei kubwa.

Hatua ya kwanza, anza na chanzo. Injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika, betri nzima iliyojaa husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na chaji nusu hivi. Washa injini: magari mengi yatasoma kati ya 13.5 na 14.5. Kama hapa pana shida, usisumbuke na kiti, tibu betri au alteneta kwanza.

Hatua ya pili, fyuzi. Usiiangalie kwa macho tu. Fyuzi nyingi zina vidoa viwili vya chuma juu yake. Washa kiti, pima kila kidoa dhidi ya bodi. Vyote viwili visome karibu sawa. Kimoja kikisoma volti kamili na kingine sifuri, fyuzi imekatika.

Hatua ya tatu, kwenye kiti chenyewe. Acha soketi ikiwa imechomekwa, ingiza ncha nyembamba za mita kwa nyuma ya soketi, pale waya zinapoingilia. Washa kiti hadi mwisho. Pima kati ya waya wa chanya na waya wa ethi.

Hatua ya nne ndiyo siri ya mchezo. Badala ya kupima volti zilizofika, pima zilizopotea. Utahitaji waya mrefu wa kurefushia mkia wa mita. Weka ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya soketi ya kiti. Namba utakayopata ni volti zilizoliwa upande wa chanya. Kisha weka ncha moja kwenye ethi ya soketi na nyingine kwenye hasi ya betri. Hizo ni zilizoliwa upande wa ethi.

Mfano wa vipimo:

Betri, injini ikiwaka: 13.9
Zilizofika kwenye kiti: 10.6
Zilizopotea upande wa chanya: 0.3
Zilizopotea upande wa ethi: 3.0

Jumlisha: 10.6 + 0.3 + 3.0 = 13.9. Hesabu imefunga. Hii ni kanuni ya Gustav Kirchhoff ya mwaka 1845: volti zote za chanzo lazima zipatikane mahali fulani kwenye mzunguko, kama mweka hazina wa kikoba anavyotakiwa kueleza kila shilingi. Isipofunga, umekosea kupima, rudia.

Na mwizi wetu ameshajulikana: ni ethi. Si feni, si kontrolo boksi. Mafundi wengi huona hasara ya hadi volti 0.1 kwenye kiungio kimoja cha ethi kuwa ya kawaida, na jumla ya kama nusu volti kwa saketi nzima. Volti 3 ni wizi wa mchana kweupe. Fuata waya wa ethi hadi unapofungwa kwenye bodi, fungua boliti, sugua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza, pima tena.

Athari yake ilikuwa kiasi gani? Kwa waya wa kupasha, nguvu hufuata volti kipeo cha pili. Gawanya 10.6 kwa 13.9, zidisha jibu kwa lenyewe: unapata kama 0.58. Joto limeshuka hadi asilimia 58 kwa kupoteza chini ya robo ya volti. Na kama boksi imepangwa kujizima chini ya volti 11, kiti kingenyamaza kabisa huku hakuna kifaa hata kimoja kilichoharibika.

Wezi wa volti wa ukanda wetu

Kwa nini maungio yaharibike? Huku tuna sababu zetu.

Mtikisiko na vumbi. Pini za soketi nyingi zimepakwa bati. Kwenye barabara za vumbi na makorongo, pini zinasuguana kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele, maelfu ya mara. Kila msuguano unafuta tabaka jembamba la bati, hewa inaligeuza kuwa oksidi, na oksidi ya bati haipitishi umeme vizuri. Vumbi jekundu likiingia linasaidia kusaga. Kwa macho soketi inaonekana safi kabisa. Dalili yake: ukiitikisa kwa mkono huku kiti kimewashwa, kinafufuka halafu kinakufa.

Maji ya kuoshea. Viti vikioshwa kwa maji na povu, au soda ikimwagika, maji yanatiririka hadi kwenye soketi za chini ya kiti. Shaba inaota ukungu wa kijani. Ukinzani unapanda polepole, miezi baada ya miezi.

Waya za kuungia. King'amuzi cha wizi, redio ya mawasiliano, spika kubwa, taa za ziada: mtu anatafuta waya wa karibu wenye umeme, anaukwangua, anazungushia waya wake, anapiga tepu. Ukiona tepu chini ya zulia la gari, anza kupima hapo.

Kubusti kwa lori. Hii tuisisitize. Malori mengi makubwa hutumia mfumo wa volti 24, betri mbili za 12 zilizofuatanishwa. Gari dogo likigoma kuwaka njiani, dereva wa lori anajitolea kubusti, nyaya zinachukua volti 24 zote. Injini inaweza kuwaka na mkashukuru, lakini kontrolo boksi zilizotengenezwa kwa volti 12 zinaweza kuwa zimekufa, ya kiti ikiwemo. Kama hamna jinsi, zimeni injini ya lori na chukueni umeme wa betri moja tu kati ya zile mbili.

Si kila volti ndogo ni ugonjwa

Kuna mitego miwili. Magari mengi hupunguza kasi ya feni kwa kuwasha na kuzima umeme haraka sana, mara nyingi kwa sekunde. Mita ya kawaida inasoma wastani. Feni ikiwa kasi ya kati unaweza kuona volti 6, ukadhani nusu imeibiwa, kumbe ndivyo ilivyopangwa. Ndiyo maana tulisema washa hadi mwisho kabla ya kupima.

Mtego wa pili ni vumbi kuziba njia ya hewa. Kipande cha Peltier kisipopata hewa ya kutupia joto, kinapata moto, na boksi inakizima. Dalili zinafanana na za volti ndogo: kinafanya kazi dakika chache kisha kinakata. Safisha matundu, feni na chujio kama lipo, kabla ya kulaumu umeme.

Kipande chenyewe unaweza kukipima bila kuwasha chochote. Mwaka 1821 Thomas Seebeck aliona kinyume cha alichokuja kuona Peltier: tofauti ya joto inazalisha umeme. Kikiwa kimetolewa kwenye kiti, unga kipande na mita kwenye kipimo cha milivolti, weka kiganja upande mmoja. Namba ikipanda, na ikigeuka kuwa hasi unapogusa upande wa pili, kuna uhai. Usikipime kwa kipimo cha omu, kwa sababu volti hiyo ndogo inayozalishwa na joto la mkono wako itavuruga jibu.

Kabla hujaingiza mkono chini ya kiti

Viti vingi vya kisasa vina eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari linapogonga, pamoja na waya zake. Soketi na waya hizo kwa kawaida ni za njano. Usizipime kwa mita, usizitoboe, usiziunge. Kama kazi inahitaji kuchomoa soketi au kutoa kiti, zima gari, toa waya wa hasi wa betri na usubiri. Vitabu vya Toyota vinataja sekunde 90, wewe subiri dakika kadhaa, huna haraka ya kupoteza uso. Usipoweza kutofautisha waya wa feni na wa eabegi, mwachie fundi, kisha mwombe akuonyeshe volti zilizopotea kabla hujalipia spea.

La pili, fyuzi. Ikikatika ya ampia 10 usiweke ya 30, wala karatasi ya sigara. Fyuzi ipo ili ikatike kabla waya haujaungua. Ukiiongezea ukubwa, waya ndio unakuwa fyuzi, na uko chini ya zulia na sponji.

Kanuni hiyohiyo kwenye duara

Sasa hata kama huna gari, hii inakuhusu. Nenda kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, uone pampu ya kutolea maji kwenye duara ikiendeshwa kwa jenereta lililo mbali. Tuseme waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba umevutwa mita 100. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 200 za shaba, kama omu 2.4. Pampu ikivuta ampia 8, volti 19 zinabaki njiani. Jenereta likitoa 230, pampu inapata 211, na wakati wa kuanza, mota inapovuta mkondo mara kadhaa zaidi, inapata pungufu ya hapo. Ikishindwa kuzunguka inapata moto na kuungua, na duara linajaa maji. Mtu akienda kupima kule chini pampu ikiwa imechomolewa, mita itasema 230.

Zoezi la nyumbani: rudia hesabu hiyo kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, ambao una kama omu 7.4 kwa kilomita. Ukipata jibu karibu na volti 12, umeelewa makala hii, na una hoja ya kumpa anayesema waya mnene ni kupoteza hela.